Uadilifu, Subira, Halima au jina la bibi: ulinganisho kwa wazazi wa Kusini mwa Tanzania wanaotafuta jina

Siku ya saba inakaribia, mbuzi wa akika ameshapatikana, jina bado. Baba anataka binti aitwe Uadilifu. Alilisikia neno hilo kwenye hotuba, likamkaa moyoni. Mama anaona Subira linatosha, na mimba hiyo aliibeba kwa subira kweli kweli. Shangazi wa Mikindani anasema majina ya watu wema yapo tayari, Halima, Amina, Sabra, ya nini kuhangaika na kamusi? Bibi mzaa mama, aliyeshuka kutoka Newala na furushi la makopa, hasemi sana. Anauliza tu: "Kwani Somoe lina ubaya gani, mwanangu?"

Ukienda Ndanda au Masasi kwa familia za Kikristo mbuzi wa akika hayupo, ila mvutano ni ule ule. Kinachowasukuma ni tarehe ya ubatizo. Na ukikaa pembeni ukasikiliza utagundua kwamba wanaobishana hawabishanii kitu kimoja. Baba anazungumzia maana. Mama anazungumzia sauti. Shangazi anazungumzia dini, bibi anazungumzia ukoo. Kila mmoja ana haki yake, ndiyo maana hawamalizi. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha majina, tutenganishe vipimo.

Vipimo vitano

Cha kwanza ni mzigo: neno lenyewe linamdai nini atakayelibeba. Jina Jumanne halimdai mtu kitu, alizaliwa Jumanne, basi. Jina Uaminifu linamdai kila akiitwa.

Cha pili ni wito. Jina litaitwa uani jioni, darasani asubuhi, uwanjani mpira ukipotea. Litaitwa pia na wazee ambao lugha yao ya kwanza ni Kimakonde au Kiyao, ambako r haina kwao, kwa hiyo Rehema huwa Lehema na Furaha huwa Fulaha. Hilo si kosa la mzee. Mzazi ndiye wa kulijua mapema.

Cha tatu ni karatasi, na hapa nitakaa kidogo. Kizazi kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90. Mtwara na Lindi ni miongoni mwa mikoa ambako mtoto aliye chini ya miaka mitano hupata cheti cha kwanza cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, bila malipo, kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata. Ni huduma nzuri, ila urahisi wake huwafanya watu waandikishe jina walilolifikiria wakiwa kwenye foleni. Jina hilo litaulizwa shuleni, litaulizwa NECTA kwenye mitihani, NIDA kwenye kitambulisho, benki, na siku chama cha msingi cha ushirika kikipeleka malipo ya korosho kwenye akaunti za wakulima. Herufi moja ikitofautiana, utaambiwa urudi kesho na barua ya mtendaji. Kulibadilisha ukubwani kunawezekana, lakini ni kiapo kwa wakili na hati ya kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, na baada ya hapo kurekebisha karatasi nyingine moja baada ya nyingine.

Kuna jambo jingine la karatasi ambalo wazazi wengi hawalitazami. Waingereza wana jina la kati, na mzazi anayeogopa neno la ajabu hulificha pale. Sisi nafasi ya pili ni ya baba na ya tatu ni ya babu. Hatuna pa kuficha. Jina la mtoto wa kiume unalochagua leo litakuwa jina la pili la watoto wake, na la tatu la wajukuu zake. Tazama Rais Samia Suluhu Hassan: Suluhu ni jina la baba yake, neno la upatanisho ambalo leo linatajwa dunia nzima. Tazama Kassim Majaliwa wa Ruangwa, Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025: neno la kumshukuru Mungu kwa alichokujalia limekuwa jina ambalo nchi nzima ilimwitia. Aliyelitoa mara ya kwanza alikuwa anamwita mtoto tu. Jina la mtoto wa kike, kwa utaratibu huu wa karatasi, huishia kwake mwenyewe. Sipendi ilivyo, lakini ndivyo ilivyo, na inabadilisha hesabu.

Cha nne ni imani. Sheikh au padri atasemaje.

Cha tano ni somo, na kwangu mimi ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Huku kwetu mtoto akipewa jina la mtu, yule mtu ni somo wake. Wakikutana wanaitana "somo". Somo mkubwa humletea mdogo kanga siku ya sikukuu, humtetea akichapwa, humkaripia kwa haki ambayo jirani hana. Na kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ambao ukoo wao ulihesabiwa upande wa mama, mjomba hakuwa mgeni katika mashauri ya mtoto. Halafu kulikuwa na jando na unyago: mwali aliingia na jina la utotoni, akatoka na jingine, na wapo ambao ukiwaita lile la zamani umewatukana. Kwa maneno mengine, wazee wetu walikuwa na nafasi mbili za kupatia jina. Mzazi wa leo, kwa sababu ya cheti, ana moja.

Njia ya kwanza: neno la sifa lisilozoeleka

Hapa ndipo walipo Uadilifu, Stahamala, Insafu, Hisani, Staha, Unyofu, Utu, Uaminifu. Maneno ambayo kila mtu anayajua au anayakisia, ila hajakutana na mtu anayeitwa hivyo.

*Mzigo.* Neno likiwa jipya, msikilizaji husikia maana kabla ya kumwona mtu. Ndiyo raha yake na ndiyo taabu yake. Wanaolipenda husema jina ni dua: unamwombea mtoto kila unapomwita, na siku akiwa mkubwa atajiuliza mwenyewe kama anafanana nalo. Wanaolikataa husema umemtungia mtoto mtihani ambao wengine hawaufanyi. Mwalimu atamwambia, "Uadilifu, mbona daftari la mwenzako liko kwako?" na darasa zima litacheka, jambo ambalo Hamisi mwenye kosa lile lile halimpati.

Nikiulizwa mimi, nazitenganisha sifa hizi mafungu mawili. Zipo zinazohukumu: uadilifu, uaminifu, ukweli, unyofu. Mwenye jina hilo akiteleza mara moja tu, jina linageuka shahidi wa mashtaka. Na zipo zinazoelekea kwa wengine kwa upole: hisani, staha, utu, huruma. Hakuna anayeshtakiwa kwa kupungukiwa hisani siku moja. Fungu la pili linabebeka zaidi.

*Wito.* Simama uani, ita kwa sauti mara tatu kama unavyomwita mtoto aliyekwenda dukani akachelewa. Maneno mengine hufia hapo hapo. Neno haya, yaani kuona aibu, ni sifa nzuri sana, lakini "Haya, haya, njoo hapa!" haitaeleweka kama unamwita au unamhimiza. Kiasi ni sifa pia, nayo itakuletea mazungumzo ya "Mtoto hajambo?" "Kiasi." Adabu ndilo baya kuliko yote; siku atakapokasirika mwalimu utaelewa. Hisani linaitika vizuri, fupi, laini, bibi analitamka bila shida, ila ujue atatokea mtani wa kumalizia "ya watu wa Marekani" mpaka mtoto aoe.

Maneno marefu hukatwa. Uvumilivu atakuwa Vumi, Uadilifu atakuwa Adi, na Stahamala, neno ambalo binafsi nalipenda, lina mkia unaoweza kukatwa vibaya na watoto wa darasa la nne. Fikiria kifupi kabla hawajakufikiria wao. Jambo jingine: neno jipya halina jinsia. Ukisikia Subira unajua ni msichana. Ukisikia Insafu hujui. Wapo wanaoliona hilo kuwa zuri. Karani anayejaza fomu atauliza kila mara.

*Karatasi.* Litakosewa. Insafu litaandikwa Insaf, Isafu, Insafi, kila ofisi na yake. Andika kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, mpe karani anakili, na usome kadi kabla hujatoka mlangoni. Faida ipo, nayo si ndogo: kwenye daftari la chama cha msingi majina kama Saidi Hamisi Saidi hujirudia hadi malipo yakachanganywa. Mtu anayeitwa Insafu hela yake haipotei njia.

*Imani.* Kwa Waislamu, suala hili lina historia yake. Katika Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, mkusanyaji wa Hadithi, yupo msichana aliyeitwa Barra, jina lenye maana ya mwema, mcha Mungu. Mtume (s.a.w.) alilibadilisha akamwita Zaynab, kwa hoja kwamba watu wasijitakase wenyewe, Mungu ndiye anayewajua walio wema. Ipo pia Hadithi ya majina kama Aflah na Najih, yenye maana za kufaulu: utauliza "Yupo?" na utajibiwa "Hayupo", na jibu hilo halipendezi. Fikiria kwa Kiswahili: "Utu yupo?" "Hayupo, katoka tangu asubuhi." Wanazuoni hawakulifanya jambo hili kuwa haramu, wamelihesabu kuwa ni la kuepukwa. Kwa hiyo sheikh akikunja uso kwa Uadilifu, usidhani ni ushamba wa kuogopa jina jipya. Anakumbuka Barra.

Kwa Wakatoliki sheria ya sasa ya Kanisa, ya 1983, inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo, na sifa njema haiwi geni. Zamani ilitakiwa jina la mtakatifu, na mzazi aking'ang'ania lake padri aliongeza la mtakatifu na kuandika yote mawili. Wazee wengi wa upande wa Ndanda bado wanaishi na kanuni hiyo ya zamani vichwani mwao.

*Somo.* Hana. Hapa ndipo njia hii inapopungua kweli. Mtoto anayeitwa Uadilifu hana mtu wa kumwita "somo", hana wa kumletea kanga kwa ajili ya jina, hana mzee ambaye akifa ataambiwa "wewe ndiye uliyebaki na jina". Si kwamba haiwezekani kulitengenezea, nitarudi huko.

Inamfaa nani: wazazi ambao wote wawili wanalitaka, walio na sababu wanayoweza kumweleza mtoto kwa sentensi moja, na ambao ukoo wao hautalichukua kama tusi. Kama ni mmoja tu anayelitaka, mtoto atakuwa na majina mawili ndani ya nyumba moja.

Waingereza walishaijaribu

Hili ni la pembeni, lakini linasaidia. Wapuritani, Waprotestanti wakali wa Uingereza, katika karne ya 16 na ya 17, walitaka kuachana na majina ya watakatifu, wakawaita watoto kwa sifa: Patience, Prudence, Temperance, Silence, Thankful. Wengine wakaenda mbali zaidi, wakatumia sentensi. Mfanyabiashara wa ngozi wa London aliyeitwa Praise-God Barebone alijulikana sana kiasi kwamba bunge la 1653 likabandikwa jina lake kwa dhihaka. Huko Boston alikuwepo mchungaji Increase Mather, aliyezaliwa 1639, na jina lake lilimaanisha ongezeko. Majina hayo hayakutofautiana kwa uzuri wa maana. Silence imepotea, Patience imeishi, ikavuka bahari na leo ina wenyewe hadi Nachingwea. Kilichotofautisha ni kwamba jina moja lilipata watu wa kulirithishana, jingine likabaki na mtu mmoja.

Na sisi tumeongeza yetu: Happiness, Gladness, Goodluck, Witness. Ni majina ya Kitanzania sasa kuliko ya Kiingereza. Kama unayafikiria, yapime kwa vipimo vile vile vitano. Mimi naona yanapita vizuri kwenye mzigo, kwa kuwa wasikilizaji wengi hawaisikii maana, na yanakwama kwenye ulimi wa bibi.

Njia ya pili: neno la sifa lililozoeleka

Subira, Imani, Neema, Upendo, Amani, Tumaini, Rehema, Huruma, Faraja, Baraka, Heri, Shukuru, Fadhili.

*Mzigo.* Umelegea kwa kutumika. Hakuna anayetazamia Subira awe mvumilivu. Tunajua akina Subira wakali kama pilipili. Baba anayetaka Uadilifu ataona hapa maana imepotea. Haijapotea, imelala, na mwenye jina akitaka anaiamsha mwenyewe.

*Wito.* Mepesi, na karibu kila moja lina jinsia inayojulikana au angalau iliyozoeleka kuwa ya pande zote, kama Imani na Tumaini. R itabadilika kwa wazee: Subila, Lehema, Balaka. Ukitaka kuikwepa kabisa yapo Amani, Imani, Upendo, Tumaini na Neema, ambayo hata mzee wa Kitangari atayatamka sawa na wewe.

*Karatasi.* Hakuna la kusimulia, isipokuwa karani anayeandika alivyosikia kwa mzee. Usimtume bibi peke yake kuandikisha.

*Imani.* Yanavuka dini, na katika mikoa ambayo misikiti na makanisa vinatazamana hiyo ni faida ya kweli. Familia iliyooana kutoka pande mbili hukimbilia Amani au Neema bila ugomvi. Mkristo akitaka pa kuegemea, simulizi za Kanisa zinao mashahidi watatu, mabinti wa Sofia, waliobeba majina ya Imani, Tumaini na Mapendo. Mwislamu mkali atakukumbusha kwamba hata Baraka limo katika majina ambayo Mtume alifikiria kuyakataza. Ni kweli, na Hadithi hiyo hiyo inaendelea kusema kwamba alinyamaza, hakuyakataza hadi alipofariki. Akina Baraka wamejaa misikitini.

*Somo.* Kuna uwezekano mkubwa yupo tayari. Katika ukoo wowote wa Lindi utampata Subira mmoja au Rehema mmoja, hai au marehemu, upande wa baba au wa mama. Mtafute kabla hujatangaza. Ukimwambia shangazi Rehema "tumekuletea somo", umepata mlezi kwa bei ya jina.

Inamfaa nani: karibu kila mtu, na hilo ndilo linalowachosha wengine. Darasani watakuwa Neema watatu.

Njia ya tatu: jina la dini lenye sifa ndani yake

Hii ndiyo hoja ya shangazi wa Mikindani, na ana hoja. Anayetaka uvumilivu anaupata ndani ya Halima na Sabra. Anayetaka ukweli anaupata ndani ya Sadiki, uaminifu ndani ya Amina, uongofu ndani ya Rashidi. Wakatoliki nao wana Fidelis kwa uaminifu, Modesta kwa kiasi, Klementi kwa upole, Prudensia kwa busara. Wengi walioyabeba majina haya kwa miaka sitini hawajui kwamba wanatembea na sifa.

*Mzigo.* Hauonekani. Maana imefungwa ndani ya lugha nyingine na mtoto ataifungua akiuliza. Kwa baba aliyependa Uadilifu lipo jina Adili, ambalo kwa wavulana limezoeleka kiasi: maana ile ile, herufi tano, na mwalimu halitumii kumsuta. Binti anaweza kuitwa Adila.

*Wito.* Mazuri mengi. Amina linaitika hata gizani. Prudensia litakuwa Pru au Densi, chagueni mapema. Kwa majina ya Kiarabu tatizo ni sauti za dh na gh, ambazo watu wa bara hapa kwetu huzigeuza: Ridhiwani huwa Liziwani.

*Karatasi.* Yanafahamika, lakini yana maandishi mengi. Swabra, Sabra, Swabira. Sadick, Sadiki, Swadiki. Ajabu ni kwamba jina lililozoeleka linaweza kukutesa kuliko Insafu, kwa sababu karani wa Insafu anauliza, wa Sadiki haulizi. Na kujirudia kwa majina matatu kunaanzia hapa.

*Imani.* Kwa hili njia ya tatu haina mshindani. Halima ni jina la mama aliyemnyonyesha Mtume. Amina ni la mama yake mzazi. Shaka ya kujitakasa haipo, kwa kuwa unamfuata mtu, hujisifu.

*Somo.* Yupo mara mbili: yule wa historia na yule wa ukoo.

Inamfaa nani: anayetaka sifa ikae moyoni mwa jina bila kuning'inia nje. Anayeona kwamba Kiswahili chenyewe kina heshima ya kutosha kumbatiza mtu hatalipenda jibu hili, nami namwelewa.

Njia ya nne: jina la mzee

Bibi wa Newala hajazungumza sana, na mimi sitazungumza sana kwa niaba yake. *Mzigo* wa Somoe ni mtu, sio neno: mtoto atapimwa kwa alivyokuwa bibi aliyelibeba kabla yake, jambo ambalo ni jepesi kama bibi alikuwa mpole, na zito kama alikuwa na wake wenza aliogombana nao hadi kaburini. *Wito* hauna tatizo, ukoo mzima umeshazoea. Majina ya kikabila yenyewe, ya Kimakonde au Kimwera, yanaweza kuchekwa akisomea Dar es Salaam. Kucheka huko kumepungua, hakujaisha. *Karatasi* inategemea jina: ng' na mch huwashinda makarani wasio wa huku. *Imani* mara nyingi haina neno, isipokuwa pale jina la zamani lina maana mbaya, na hapo dini zote zitakwambia ubadilishe.

*Somo* ndiyo njia yenyewe.

Na sifa? Ipo. Kama mzee alijulikana kwa ukarimu, kijiji kizima kinasikia ukarimu kila mtoto akiitwa. Ila kinaisikia kijiji hicho tu. Ukihamia Mbeya, Somoe ni sauti.

Inamfaa nani: familia yenye mzee ambaye hamtaki apotee, na familia ambayo mvutano umefika mahali jina jipya litaonekana ni ushindi wa upande mmoja. Jina la marehemu hunyamazisha wengi.

Kwa hali yako

Kama mtoto ni wa kiume na unafikiria neno lisilozoeleka, litamke na majina ya wajukuu ambao hawajazaliwa. Asha Hisani. Juma Stahamala. Fatuma Unyofu. Likikaa vizuri nafasi ya pili, endelea. Suluhu na Majaliwa yamekaa. Likikwama, mpe binti neno hilo, au chukua njia ya tatu.

Kama baba na mama hamjakubaliana na siku imefika, msiandikishe kwa hasira. Siku 90 ni nyingi. Mtoto anaweza kuitwa "mgeni" au "bibie" wiki mbili tatu na asidhurike; cheti kikishatoka na jina ambalo mmoja wenu hakulitaka, mtamwita majina mawili na mtoto atafika darasa la kwanza hajui aitikie lipi.

Kama mnaishi nyumba moja na wazee wasiotamka r, na mnajali jina lisikike kama lilivyoandikwa, basi Amani, Imani, Upendo, Staha, Hisani na Utu yako upande wenu. Kama hamjali, Subila ni jina tamu.

Kama ndoa yenu ni ya dini mbili, anzieni njia ya pili. Neno lisilozoeleka nalo linaweza kuwafaa, ila litaanzisha maswali kwenye misiba na harusi za pande zote, na mtakuwa mnaeleza wakati wenzenu wanakula.

Kama sheikh wenu ni mtu wa hoja ya Barra, msimshindanie. Mwulizeni kuhusu Adili, Adila, Sadiki, Sabra. Mtapata maana mliyoitaka na dua yake juu.

Kama mmeshaamua Uadilifu na hamrudi nyuma, mtengenezeeni somo. Inafanyika: kabla ya kutangaza, nendeni kwa mtu mmoja wa ukoo, ikiwezekana upande wa mama na akiwa mjomba au bibi ni bora zaidi, mwambieni kwamba jina hili tumelichagua kwa sababu yako, tumeliona kwako, na kuanzia leo huyu ni somo wako. Mtu huyo haitwi Uadilifu, na haijalishi. Atakuwa na sababu ya kumletea mtoto kanga, na mtoto akiulizwa jina hilo limetoka wapi atamtaja mtu. Fanyeni mapema, kabla ya akika au ubatizo, kwa sababu mzee anayeletewa habari baada ya cheti kutoka huijua heshima ya kubandikwa.

Kama bibi wa Newala bado amekaa kimya na makopa yake, ulizeni kama atakubali Somoe liwe jina la nyumbani na jingine liwe la cheti. Wengi hukubali, kwao mtoto kuwa na majina mawili ni jambo la kale kuliko RITA. Sharti moja: la cheti ndilo litumike kwenye kadi ya kliniki, shuleni na kila penye mhuri, tangu siku ya kwanza, na bibi aelezwe ni lipi, aweze kulitaja akitumwa zahanati.